Sale Halikuguswa

…na bahati yangu mikono ina tope mpaka viwikoni, maana sale halipokelewi kwa mikono michafu, hilo hata yeye analijua, ndiyo maana amesimama hapo nje ya seng'enge na jani lake refu la kijani, amelifunga fundo katikati, amelishika kwa mikono miwili kama mtoto wa kipaimara, anasema Mama Eva, nawa basi, nawa upokee, na mimi nasema nakuja, nakuja Baba Eva, ngoja nimalize hiki kiazi cha mgomba, na kiazi chenyewe sina haraka nacho hata kidogo, nakizungusha tu mapajani, nakwangua udongo kwa kisu, huku kidogo, kule kidogo, kama mtu anayemenya muhogo wa wageni asiowataka, kwa sababu nikishanawa imekwisha. Kwetu Machame mtu akikuletea sale imekwisha, hata kama alikuchomea nyumba, jani likishafungwa fundo likaletwa mbele yako hulikatai, ukilikataa lile baya linageuka, linamwacha aliyelitenda linakufuata wewe, wewe na uzao wako, ndivyo tulivyokuzwa, kanisani tunaimba na haleluya tunasema lakini sale ni sale, mchungaji mwenyewe akiletewa anasimama analipokea. Na Eva wangu ana tumbo, miguu imemvimba hadi havai viatu, na asubuhi hii amenipigia kutoka Mbezi, Mama, baba anakuja na sale, nakuomba, kwa ajili ya huyu aliye tumboni nakuomba, pokea yaishe, urudi nyumbani Kisarawe, roho yangu itulie nijifungue salama… akakata kabla sijajibu, mtoto mjanja, kajifunza kwa baba yake, sema lako ukate simu. Urudi nyumbani. Hilo ndilo neno lenyewe. Hakuna anayeniletea msamaha mtupu, huu umekuja na usafiri kabisa, Eva ameshaulizia hata gari la kubebea kitanda na cherehani, nikipokea hili jani leo, kesho kutwa niko Kisarawe kwenye ile nyumba napima sukari ya mtu na kuosha kidonda, na hapa Visiga panabaki nini, nyumba yangu isiyo na plasta, na migomba ya kumwagiliwa na nani, Biasha? Biasha ana mihogo yake.

Biasha huyo hapo, jirani yangu, Mzaramo wa hapahapa, amekaa kwenye kigoda uani kwake anapeta mchele, mchele uleule tangu pikipiki ilipomshusha Baba Eva, utapetwa huo mpaka uwe unga, haongei, hatazami, lakini sikio lote liko huku, na mimi nampenda kwa hilo, afadhali jirani anayesikiliza waziwazi kuliko anayejifungia ndani. Ndiye aliyenifundisha mchanga wa huku. Nilikuja najitia mjuzi, mtoto wa kihamba mimi, shamba la migomba la ukoo, nimezaliwa chini ya mgomba, nikachimba mashimo mafupi kama ya udongo mwekundu wa Kisarawe, nikatia samadi ya kuku mbichi, machipukizi ya kwanza yakaungua, majani yakajikunja yakawa rangi ya chai, nikakaa pembeni nikalia kidogo, sikulia Kisarawe nikaja kulia hapa, naye akavuka uzio akanisimamia, akacheka mpaka akashika kiuno, Mama Eva, wewe unapanda au unazika? Huu mchanga haushibi maji mwenzangu, chimba uingie mpaka magoti, jaza majani makavu chini, samadi iache ipoe kwanza, na huo mgomba wako usogeze kwenye maji ya bafuni, hapo hata ukiupanda kichwa chini utaota. Nikafukua yote. Nikayahamisha. Yaliyovunjika shingo nikayakata chini kabisa, watu wakipita barabarani wakaniona nakata mgomba mzima wakadhani nimechanganyikiwa, kumbe mgomba uliojeruhiwa huwezi kuubembeleza na majani yake, unaukata, unauachia kiazi tu, unauambia anza upya. Na sasa njoo uone, ule wa nyuma ya bafu una jani jipya refu kuliko mimi, ule wa kona umetoa watoto, waliosema ndizi za Machame hazioti huku Kibaha waje, waje na kiti wakae. Kimebaki hiki nilichokipakata. Hiki ndicho kilichonishinda. Hiki ni kiazi cha ule mgomba mkubwa, wa kwanza, ambao mama yangu aliung'oa kwa mkono wake siku ninaolewa, akaufunga kwa majani makavu, akaniambia mwanangu nyumba isiyo na mgomba haina mtu, nikasafiri nao kwenye basi mpaka Kisarawe, Baba Eva kijana wa hukohuko Machame kaajiriwa tu ofisi ya wilaya, hata kitanda hatuna, tukaupanda kabla ya kufungua sanduku la nguo, na mingine yote ile iliyojaa kilima kile nyuma ya nyumba ilitoka kwenye huu. Nimekuja nacho hapa kwenye kiroba, nikakipanda pale mbele pazuri, masika yakaanza, wenzake wakatoa majani, chenyewe kimya, miezi ikapita kimya, leo nimesema hapana, nakufukua nikuone una nini, nitoe kilichooza, nikuhamishie bafuni, ukitaka kufa ufe nakutazama… na ndipo pikipiki ikasimama.

Anasema nini sasa, anasema ametoka kliniki Tumbi, wamemsafisha kidonda, daktari amemwambia akae na mtu nyumbani, asikae peke yake, mguu huu Mama Eva unaweza ukakatwa, na sitaki kugeuka lakini jicho limeshakwenda lenyewe, nimeuona, bandeji mpaka kwenye kifundo, na ndala ameikata mbele ili vidole vipate nafasi, aliyekuwa akipiga viatu rangi kila Jumapili mpaka ujione uso humo. Huruma ninayo. Sitasema sina, nitakuwa mwongo mbele ya Mungu. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni siku ya uchungu wa Eva, gari limekwama matopeni pale mteremko wa Pugu, mvua inapiga, akasema panda, na mimi na tumbo lile, akateremka nami mpaka tukapata gari lingine, hajawahi kunidai shukrani kwa hilo, hilo nampa, hilo liko kwenye mizani na halitoki. Lakini mizani ina pande mbili. Nilikwenda kumzika mama yangu. Si harusi, si likizo, kumzika mama. Nikakaa mpaka tukamaliza matanga, tukagawana nguo zake, mimi nikapewa kitenge chake cha kanisani, na kila baada ya siku moja simu, unarudi lini, nani anapika hapa, mtu anazikwa mara moja Elinipa, au mnamzika kila siku? Nikamwambia subiri. Neno moja tu nililosema, subiri, pengine ndilo lililomuuma, maana maisha yote mimi ndiye niliyekuwa nasubiri. Nikarudi, nikashuka stendi Kisarawe, nikapanda kilima na begi kichwani, na kabla sijafika nikaona anga. Pale nyuma ya nyumba hapakuwa na anga, palikuwa na majani, miaka yote palikuwa kijani mpaka ndani jikoni mwanga ulikuwa wa kijani, leo naona mawingu, naona paa la jirani ambalo sikuwahi kuliona, nikadhani nimepotea njia. Migomba yote ilikuwa chini. Yote, yenye mikungu na isiyo na mikungu, ndizi changa zimekanyagwa, imelaliana kama… sitaki kusema kama nini, nilikuwa nimetoka msibani. Na yeye yuko barazani na redio yake, akaniambia, umerudi, nilipatwa na hasira, nilikunywa, nikashika panga. Basi. Kama mtu anayekuambia amevunja kikombe.

Sikupiga kelele, majirani wa Kisarawe mpaka leo wanashangaa, nilivua viatu vya safari nikachukua jembe, nikaanza kufukua machipukizi yaliyosalia pembeni, madogomadogo, na mwisho nikakifukua hiki kikubwa, nikafunga kwenye viroba, nikaja hapa kwenye kiwanja nilichokinunua kwa cherehani yangu, ambacho yeye alikiita pori la fisi, nenda ukalale na fisi wako, akasema, na mimi nikasema asante. Fisi wenyewe sijawaona, nimemwona Biasha. …Jua linawaka, anasema, Mama Eva utaniacha juani mpaka lini, na Biasha ungo umesimama kidogo halafu ukaendelea, na mimi nakata sehemu laini ya kiazi, nyeusi, inanuka, naitupa, nakata nyingine, na moyoni nafanya hesabu za mtu aliyeshindwa, kwamba nitanawa, nitachukua, nitarudi, nitamwachia Biasha hii migomba angalau apate majani ya kufunikia wali, nitakuja mara moja moja, na najua sitakuja, mwenye mgonjwa haji mara moja moja, nitazeekea barazani kwa mtu nikitazama lile anga, na kila atakayepita atasema ona Mama Eva alivyo na moyo mzuri, amesamehe… Yesu wangu, moyo mzuri, ndiyo kamba wanayotufungia hiyo. Anasema ni shetani, Mama Eva, ni shetani na pombe, nilikuwa sioni mbele, nilikata ovyo, nilikata kila kilichosimama. Kila kilichosimama. Sawa. Nimelisikia hilo neno mara ngapi, kwa simu, kwa mdomo wa Eva, kwa mzee wa kanisa, alikata kila kilichosimama, na siku zote limepita tu kama upepo… lakini leo anatamka huku ameshika hilo jani, pana, bichi, lina ule mng'ao, na hilo jani nalijua. Hata sikugeuka vizuri, nikamuuliza huku nimeinamia kiazi,

"Hilo sale umelitoa wapi?"

"Si lako hilo," akasema, tena kwa furaha, akadhani naanza kulegea. "Lile ulilolipanda mwenyewe, pale pale katikati ya migomba. Limenawiri kweli."

Limenawiri. Sale langu, nililolileta kijiti kutoka kwenye mpaka wa kihamba cha baba, nikalichomeka katikati kabisa ya migomba, ubavuni kwa mgomba wa mama, hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata fagio kati yao, na mtu asiyeona mbele, mlevi, shetani ameshika panga lake, amepiga kulia amepiga kushoto, mgomba wa mama umeanguka, wa nyuma yake umeanguka, wa pembeni umeanguka, na sale halikuguswa? Halina hata jani lililochanika? Loh. Shetani gani huyo anayejua sale ni la nini. Shetani wa Machame huyo. Alilizunguka… alilizunguka na panga, akalipita kwa uangalifu, akaliacha limesimama, kwa sababu siku ileile anakata alikuwa anajua siku moja atalihitaji, alikata migomba yangu na msamaha wake akauweka akiba papo hapo, shambani kwangu, kwa mmea wangu. Na mimi nilikuwepo siku ile nafukua, nililiona limesimama, nikashukuru, nikasema Mungu amenibakizia hata hili… mpumbavu mimi, hapana, si mpumbavu, nilikuwa nina msiba. Kisu kimezama. Nimekata ile nyeusi yote mpaka katikati, na kisu kimezama ghafla mpaka mpini, si kuzama kwa kitu kilichooza, kuoza hakuna njia, kuoza kunakwenda kila upande, hapa pana shimo, la mviringo, limenyooka kutoka juu kwenda chini mpaka kwenye moyo wa kiazi, unaingia mtaimbo humo, vilevile unavyoingia mtaimbo. Naingiza kidole. Kuna kitu. Navuta, kinakataa, navuta, kinatoka… tambara. Limesokotwa likashindiliwa likawa gumu kama kizibo, la madoadoa ya bluu, pazia langu la jikoni la zamani lililokuwa stoo, na sihitaji kulisogeza puani, harufu imeshafika yenyewe, mafuta ya taa.

Tulia Elinipa. Usisimame. Ukisimama utampiga na jembe halafu utakuwa wewe ndiye mwenye kesi. Kaa hapohapo ulipo ufikiri vizuri, kwa sababu wewe unajua hii kazi, na yeye ndiye aliyekueleza, mwaka ule wa kwanza, mmelala kwenye mkeka, anakusimulia utoto wake, kwamba mgomba ukiukata panga umeunyoa nywele tu, utarudi, baba yake alimfundisha kwamba mgomba uliomea njiani ukitaka kuuondoa usihangaike na panga, kata, halafu toboa kiazi kwa mtaimbo, mimina mafuta ya taa, ziba kwa tambara yasitoke, fukia, nenda zako, hautarudi wala watoto wake hawatarudi. Mtu wa pwani hajui hili. Biasha hajui hili. Mtu wa pwani akikukasirikia atafyeka, migomba itaota tena, mtapatana. Hili linajuliwa na mtu aliyezaliwa kihambani tu, na hasira haijui kwenda stoo. Hiyo ndiyo inayonichoma, hasira inashika kilicho karibu, inapiga, inachoka, inalala, haiendi stoo kutafuta mtaimbo, haichani pazia vipande, haizunguki na dumu la mafuta kutoka shina hadi shina inainama, inamimina, inashindilia, inafukia udongo juu na kupiga kwa mguu pasionekane. Hiyo ni kazi. Hiyo ni asubuhi nzima ya mtu mwenye akili zake. Na ilianza na mgomba wa mama, wakati mama mwenyewe udongo wake haujakauka, alitaka nikirudi nisiwe na pa kuanzia, nikae pale barazani nisiwe na kitu changu chochote kinachoota. Na mimi nimekaa hapa miezi najilaumu, nasema labda nilikifukua vibaya, labda samadi, labda fukusi, labda mchanga wa Visiga haunitaki… haunitaki nini, mchanga wa watu hauna kosa lolote.

Mama Eva, anasema, umepata nini huko, na sasa sauti imebadilika, na nimeweka tambara juu ya jani kavu hapa mbele, liko wazi, anaweza kuliona kutoka alipo kama anataka kuliona. Na Biasha ameweka ungo chini. Na kichwani mwangu amekuja bibi, mama mzaa baba, sijui katokea wapi maana siku nyingi simkumbuki, amekaa na kitenge chake mbele ya nyumba na yule jirani aliyesogeza mpaka wa kihamba amekuja na sale, watu wamejaa, na bibi mikono ameiingiza ndani ya kitenge, hatoi, anasema taja. Yule bwana akasema ng'ombe wangu alivuka. Bibi akasema taja, si la ng'ombe. Akasema nilivuna mkungu mmoja upande wako. Taja. Jasho linamtoka, sisi watoto tunacheka, taja, mpaka akasema niling'oa sale la mpaka nikalipanda ndani ya shamba lako nikijua umefiwa huna wa kukusemea, ndipo bibi akatoa mikono akapokea. Nilikuwa nimesahau. Nimekariri nusu ya mila maisha yangu yote, ile nusu ya kwamba aliyeletewa hakatai, nani aliyetuachia nusu hiyo tu sisi wanawake? Nusu nyingine ni kwamba mletaji anataja, anataja chote, kwa kinywa chake, vinginevyo ameshika jani tu, mbuzi naye hushika jani. Na kuna la tatu, hili sasa ndilo linalonifanya nicheke peke yangu hapa kwenye tope kama mwehu, bibi baada ya kupokea hakumkaribisha yule bwana ndani. Alimsamehe kabisa, hakumsema tena vibaya mpaka anakufa, na ule mpaka wa kihamba ukarudishwa ulipokuwa, na kila mtu akabaki upande wake, wakisalimiana kwa juu ya uzio, habari za asubuhi, nzuri, basi. Nani aliyesema kusamehe ni kurudi? Eva amesema. Eva ni mtoto, anataka baba na mama kwenye picha moja na mjukuu, namwelewa, nitampigia nitamwambia mwanangu hakuna laana itakayokugusa, laana haina kazi kwa mtu aliyesema kweli, jifungue, uje hapa nikukande kwa maji ya moto na kukupikia mtori wa ndizi za hapahapa, na baba yako tutamtafutia mtu wa kumwosha kidonda, mguu wake siuombei mabaya, uwe mzima kabisa. Ila mtu huyo si mimi. Mimi naishi Visiga. Hebu lisikie lilivyokaa, mimi naishi Visiga, sikulisema hivyo hata siku moja, siku zote nilisema niko Visiga kwa sasa.

"Baba Eva," nasema, na sasa nimegeuza uso, "nitapokea. Lakini kwanza taja ulichofanya."

"Si nimeshasema? Nilikata migomba."

"Baada ya kukata."

Ananitazama. Halafu analitazama tambara, na naona linapomfikia, naona kwenye macho, wala hajauliza hicho ni nini, mtu asiye na hatia angeuliza. Lori linapanda Barabara ya Morogoro, linanguruma mpaka seng'enge inatetemeka, linapita, na yeye bado ameshika jani, mikono imeanza kushuka, anainyanyua tena. Nageukia kiazi changu. Nimetoa nyeusi yote, kilichobaki ni kidogo, hakifiki ukubwa wa chungu cha mboga, kimekatwa upande mmoja kama kimeng'atwa, lakini nyama yake ni nyeupe, ngumu, na pembeni huku chini, mbali na lile shimo, kuna jicho, la waridi, limevimba, mafuta hayakulifikia. Mtaimbo ulipiga moyo, na macho ya kiazi yako pembeni, hilo baba yake alisahau kumfundisha. Naligusa kwa kidole gumba, ni gumu, lipo. Nakipaka majivu kwenye vidonda vyote, nakishusha shimoni kwenye majani makavu, jicho nalielekeza upande wa maji ya bafuni, na nyuma yangu nasikia anakohoa, anasema Mama Eva… anakohoa tena. Sawa. Akitaja nitanawa nitapokea, kwa haki kabisa, mbele ya Biasha, na nitamletea kiti kile cha plastiki apumzishe mguu mpaka pikipiki ije imchukue. Asipotaja ataondoka na jani lake, si mimi niliyelikataa. Navuta udongo kwa mikono, kidogo, nashindilia taratibu kuzunguka kiazi, navuta tena kidogo, hakuna haraka, jua bado lipo. Nafukia polepole, asije akasema sikumpa nafasi.